Mto Wangu Ulipinda Kweli

Ijumaa, vuli imeshaanza. Naandika kutoka Mtoni, nyumbani kwa Baba, kwa sababu kwangu Chanika mvua ya asubuhi imegeuza njia kuwa uji na sina moyo wa kuvua viatu mara ya pili leo. Nimeshiba. Mgongo unauma kwa kukaa. Na nina furaha mpaka naona haya kuiandika.

Nitaiandika hivyohivyo.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: naitwa Salha, ni mjiolojia, na kazi yangu ni kukadiria mashapo ya madini. Wenzangu wanachoronga mashimo porini huko kusini, wanatuma majibu, nami nakaa ofisini Kinondoni, ghorofani juu ya duka la dawa, nasema chini kule kuna urani kiasi gani. Sijaichimba, sijaishika, wala hakuna mtu aliyewahi kuiona yote. Lakini nasema.

Watu wakisikia neno urani wanasogea pembeni. Shangazi yangu alinikataza kumbeba mjukuu wake mpaka nioge kwanza. Nilimweleza kwamba kitu cha hatari zaidi ninachokaa nacho kazini ni kiyoyozi kinachovuja. Hakusikia. Nikaoga, yaishe.

Njia rahisi ya kuieleza kazi hii ni bambo. Baba anauza nafaka hapa Mtoni tangu sijazaliwa, na bambo ndicho kile kijibomba cha chuma chenye ncha ambacho unakidunga kwenye gunia ukachota punje chache, ukajua kilichomo bila kufungua mshono. Unadunga pembeni, unadunga katikati, unadunga chini, kisha unatamka: hili zuri, hili limejaa chuya. Mimi nadunga ardhi. Tofauti ni kwamba kudunga mara moja ni shughuli ya siku nzima na mtambo mkubwa kama nyumba, na gunia langu halina mishono ya kunionyesha linapoishia.

Ugomvi wetu wa mwaka huu ulikuwa hapo hasa. Linaishia wapi?

Tuna makundi mawili ya mashimo yenye urani, moja kaskazini na moja kusini. Katikati pana pengo, na ndani ya pengo kuna mashimo ya zamani, yote makavu, yaani hayana urani. Bosi wangu, Mama Felista, mama wa Mbeya, mzee wa kanisa, mtu ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, anasema hayo ni mashapo mawili madogo na kati yao hakuna kitu. Nilipomwonyesha mchoro wangu unaoyaunganisha, aliutazama muda mrefu. "Kila shimo linasema habari za ardhi iliyo jirani nalo," akaniambia. "Ukivuka hapo, Salha, unayesema ni wewe."

Maneno hayo nimelala nayo wiki nzima.

Mie nasema ni shapo moja. Urani yetu imelala kwenye mchanga wa mto wa kale, mto uliokufa kabla hajatokea mtu wa kuchota maji yake. Maji ya ardhini yaliyobeba urani yalipopenya kwenye mchanga ule yalikutana na majani na magogo yaliyooza, na pale urani ikang'ang'ania. Kwa hiyo ninachokitafuta hasa ni takataka za mto. Na takataka hukwama kwenye kona; asiyejua aende Kiwalani baada ya mvua akaangalie mfereji. Nilisoma kokoto zilizotoka kusini na zilizotoka kaskazini, nikaona ni zilezile, zinapungua ukubwa kidogo kidogo kuelekea upande mmoja. Nikasema huu ni mto mmoja, na katikati ulipinda kwa mashariki ukayazunguka yale mashimo makavu. Sisi tunapanga mashimo kwa mistari iliyonyooka. Mto haukuambiwa.

Nikamwomba Mama Felista shimo moja tu kwenye kona hiyo. Akakubali, na masharti akayataja mbele ya wote. Likiwa na urani, makadirio ya mwaka huu yatakuwa yangu: nitayasimamia Jumatatu mbele ya wageni wanaotaka kuwekeza fedha zao na jina langu litakaa chini yake. Likiwa kavu, nafuta katikati yote, anayasimamia yeye.

Nimefanya hesabu nyingi zilizobeba majina ya watu wengine. Sikuwahi kulalamika, ndivyo kazi inavyofundishwa. Lakini hili nililitaka mpaka usingizi ukanipaa.

Na lilikuwa shimo la mwisho la msimu. Mvua ikikolea, barabara ya kambini inakatika na mtambo hautoki mpaka kiangazi.

Ofisini tuna desturi yetu. Kabla majibu ya shimo lolote hayajafunguliwa, kila mmoja anaandika ubaoni utabiri wake: urani itaanza mita ya ngapi, na tabaka lake lina unene gani. Aliyekosea kuliko wote ananunua supu Jumamosi. Aliyeianzisha ni Mama Felista mwenyewe. Anasema mtu akishaandika hawezi tena kujidai kwamba alijua. Jana niliandika kwa wino mwekundu: mita hamsini na tano, unene mita sita. Frenk anayetunza data zetu, mtu wa Makete, mdomo haufungi, akaandika kina kilekile na unene nusu ya wangu. Nikamwuliza kwa nini nusu. Akasema, "Sista, mie nakuaminiaga nusu tu."

Mama Felista alichora mstari mtupu. Maana yake hakuna kitu.

Majibu yalifika asubuhi, nguo zangu bado zina matope ya Chanika. Kassim, mjiolojia wetu wa porini, alikuwa ameshusha kipima mionzi shimoni kwa waya, akatutumia mchoro wake. Walichoronga mita sitini na tano, kama nilivyoagiza. Mchoro ukawa mstari mnyoofu kutoka juu hadi chini.

Kavu.

Mama Felista hakunicheka. Afadhali angenicheka. Aliniwekea mkono begani, akasema, "Pole mwanangu. Futa katikati, ukimaliza niletee." Frenk naye akanyamaza, na Frenk akinyamaza ujue pana msiba.

Kwenye kompyuta ardhi yetu tumeikata matofali, na kila tofali lina kadirio lake la urani. Kufuta ni kazi nyepesi. Unachagua, unabonyeza, tofali linapotea. Nilianza na ile kona ya mashariki, nikawa narudi nyuma taratibu. Niseme ukweli, nililia. Hakikuwa kilio cha kusikika, machozi tu yalikuwa yanadondokea kibodi nami naendelea kubonyeza. Niliona uchungu kwa ajili ya jina, ndiyo, lakini niliuonea uchungu na mto wenyewe. Nilikuwa nimeshauzoea.

Aliyeniokoa ni Kassim, na wala hakukusudia. Alinitumia picha ya kuniliwaza: vijana wa mtambo wamejipanga na kofia zao za kazi, vidole gumba juu, na chini ameandika, "Sista usijali, msimu umeisha salama." Nyuma yao mtambo. Nyuma ya mtambo, miti. Na nyuma ya miti, chini kule bondeni, mbuga yenye majani mabichi.

Nikaitazama ile mbuga. Nikaikuza picha, nikaitazama tena.

Kigingi changu, kile cha kuwaonyesha pa kuchoronga, kiliwekwa ukingoni kabisa mwa mbuga. Ukisimama ukingoni, mbuga huioni ikiwa mbali chini yako namna ile.

Nikampigia. "Kassim, mtambo mliusimamisha kwenye kigingi?"

Akakohoa kwanza. "Sista, pale palikuwa na tembo. Ukoo mzima, na katoto. Sie nani wa kuwaambia waondoke? Tukaupandisha mtambo juu kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo tu, hapa kwenye mwinuko. Lakini kina tumekifuata, mita sitini na tano kamili kama ulivyoandika."

Hapo nikasimama. Mchanga wa mto umelala palepale ulipolala, haujali mtambo umekaa wapi. Ukipanda ghorofani na kamba ileile ya kisima, ndoo haifiki majini. Wao walipanda mlimani wakashusha kamba ya bondeni, kisha wakasimama pale karatasi iliposema wasimame. Na karatasi niliiandika mimi. Niliandika idadi ya mita za kwenda chini, kana kwamba kigingi kikishapigwa tembo nao wametaarifiwa. Ni kosa la watu wa kazi yetu, kupima kwa uangalifu mkubwa kuanzia mahali ambapo hupo.

Nilimfuata Mama Felista chumbani kwake bila kugonga mlango, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Nikamwekea picha mezani. Akaitazama, akaitandaza ramani ya miinuko, akaweka kidole kwenye kigingi, kisha akakipandisha kidole mpaka pale Kassim aliposema wapo. Bado palikuwa juu ya kona yangu, ila pembeni, karibu na ukingo wa mto. Akahesabu mistari ya mwinuko, midomo ikicheza.

"Una uhakika?" akaniuliza.

"Sina, Mama. Ila hatujui kama shimo ni kavu. Tunachojua ni kwamba ni fupi."

Akavua miwani. Nilidhani ananifukuza. Akachukua simu, akampigia Kassim mwenyewe. "Mwanangu, msishushe mtambo. Rudini ndani, mita ishirini nyingine. Mvua ikianza mnaacha, na sitaki maneno."

Walikuwa wameshatoa mabomba karibu yote. Kassim ananiambia fundi wa mtambo alimtukana kwa lugha ya kwao tangu mwanzo hadi mwisho, kisha akawasha injini.

Kusubiri nako ni kazi. Sikuweza kula. Niliswali adhuhuri kwenye chumba cha ramani, nikataka kuomba urani, nikaona aibu. Kama mto haukupita pale, dua haitaurudisha ukapite. Nikaomba tu nilipokee jibu lolote bila kununa. Sidhani nilikuwa mkweli sana.

Kila baada ya muda nilichungulia anga la Kinondoni, eti nione kama kusini kunanyesha. Frenk akaniuliza kama naona mpaka Ruvuma kutoka dirishani. Nikajua ameshapona.

Alasiri ikaingia. Simu ikalia, na Kassim hakutoa hata salamu.

"Sista, inaimba."

Kipima mionzi chetu kikikuta kitu mashine yake ya juu hulia, na kadiri mionzi inavyozidi, milio inabanana. Kassim akaisogeza simu karibu. Nikasikia tiki, tiki, halafu tikitikitiki mfululizo, kama mahindi ya bisi yaliyokolea moto. Nikamwuliza kina. Akasema mita ya sabini na moja. Nikatoa ule mwinuko waliopanda. Ikabaki hamsini na tano na kitu.

Mto ulipinda.

Sikupiga kelele. Frenk ndiye aliyezipiga kwa niaba yangu, mpaka muuza dawa wa chini akamtuma mtu kuuliza kama kuna mgonjwa. Mama Felista alitoka chumbani, akasimama mbele ya ubao, akautazama mstari wake mtupu kwa utulivu kabisa. Kesho anatununulia supu. Ameshauliza nani hali utumbo.

Unene haukuwa mita sita. Ni tatu na ushee, ule wa Frenk. Amejichorea taji juu ya jina lake ubaoni, na amesema asiguse mtu.

Kisha nikakaa nikayarudisha matofali, na hapa nataka kuandika bila kujipamba. Kishawishi kilikuja. Shimo limegonga, bosi amekosea mbele ya watu, ofisi nzima inacheka. Nani angenizuia kuirudisha namba yangu ya jana jinsi ilivyokuwa? Vidole vilikuwa tayari. Lakini tabaka la mita tatu si la mita sita, na shimo moja linasema habari za jirani zake tu. Nikalipunguza tabaka lote la kona. Yale matofali ya mbali na shimo nikayaweka kwenye daraja la chini kabisa la uhakika, mpaka majibu ya maabara yaje na kiangazi kituletee mashimo mengine.

Namba iliyotoka ni kubwa kuliko ya Mama Felista na ni ndogo kuliko yangu. Nilipoiona nilinuna kidogo, kama mtu aliyepunjwa sokoni. Baada ya muda nikaanza kuipenda. Ninaweza kusimama mbele ya mtu yeyote nikamweleza kila tofali limetoka wapi.

Mama Felista aliipitia tofali kwa tofali, akaniuliza maswali mpaka jasho likanitoka chini ya kiyoyozi. Mwisho akanisogezea kompyuta.

"Hapa chini pako wazi," akasema. "Weka jina lako."

"Kamili, Mama?"

"Kwani unayo mangapi?"

Nikaandika: Salha Nassor Seif. Nikakosea herufi za jina langu mwenyewe, nikafuta, nikaandika upya.

Ijumaa nakulaga kwa Baba, na leo nitalala hukuhuku. Baba hajawahi kuipenda kazi hii. Alitaka niwe mfamasia, nikae kwenye duka safi lenye vioo, karibu na nyumbani. Hajanigombeza hata siku moja, ila kila nikiingia ananiuliza swali moja, kwa sauti ya mtu anayeuliza hali ya mgonjwa asiye na matumaini. Leo alikuwa anafunga duka.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mwanangu. Bado hamjaipata?"

"Tumeipata, Baba."

Akaacha kufuli linaning'inia. Nikamweleza pale pale barazani: gunia, kona, tembo, kamba fupi ya kisima. Sikuwahi kumweleza kazi yangu kwa urefu hivyo, na kwa kweli hakuwahi kuniacha nimalize. Alisikiliza na kichwa chake kimeinama upande mmoja, vile anavyowasikiliza wanunuzi wanaojua mchele. Kwenye tembo akacheka. Kwenye ile namba kupungua akaitikia, "Eee, hapo sawa," kama vile yeye ndiye aliyenifundisha, na pengine ndiye.

Tukala. Wali wa nazi na samaki wa kukaanga, na pilipili yake ambayo hata daktari amemwambia aache. Baada ya chakula nikamwonyesha ule ukurasa kwenye simu. Akatafuta miwani, akaishika simu mbali na uso, akasoma kwa sauti, jina moja baada ya jingine. Salha. Nassor. Akasimama hapo. Nassor ni yeye.

"Mimi nafanya nini humu?"

"Ndilo jina langu kamili, Baba."

Akaendelea kusoma. "Na Seif pia?"

Seif ni babu yangu, baba yake, aliyefungua duka hili na hakuwahi kufika mbali zaidi ya Kilwa. Baba akalisoma tena jina hilo. Nikaona kidevu chake kinacheza kidogo, akajifanya anasafisha miwani kwa ncha ya kanzu. Mimi nikajifanya natoa vyombo.

Nilipogeuka alikuwa bado ameishika simu.

"Na ukikosea?" akaniuliza.

"Tutakuwa tumekosea wote watatu."

Akacheka mpaka akakohoa, nikamletea maji. Akanywa yote, akanirudishia simu kwa mikono miwili, uso umeshakuwa wa kazi.

"Basi hesabu tena."

Nimehesabu tena, hapa hapa mezani kwake, naye amekaa pembeni akijidai anasikiliza redio. Imetoka ileile.